Leseni Huijua Mashine, Haihitaji Kukujua Wewe: Data Zinazokusanywa Unaposakinisha na Kuamilisha Windows

Mtu anapowasha kwa mara ya kwanza kompyuta yenye Windows, au anapomaliza kuisakinisha upya baada ya diski kuharibika, huwa na haja moja tu, nayo ni kufika kwenye eneokazi aanze kazi. Kabla hajafika hupitishwa kwenye kurasa kadhaa: achague nchi, achague kibodi, aunganishe Wi-Fi, akubali masharti, aingize barua pepe, aweke namba ya siri, kisha afike kwenye ukurasa wa faragha ambao mara nyingi swichi zake zimekwisha kuwashwa na kitufe cha kukubali kiko chini yake. Kwa kuwa yote hufanyika katika kikao kimoja, wengi huamini kwamba ni jambo moja, na kwamba asiyelikubali lote kompyuta yake haitafanya kazi au leseni yake haitatambuliwa. Sivyo ilivyo. Ndani ya kikao hicho mna mambo matatu yaliyo mbalimbali: uamilishaji, ambao ni uthibitisho kwamba nakala hii ya programu ina leseni halali, data za uchunguzi, ambazo ni taarifa ambazo kompyuta humtumia mtengenezaji wa Windows kuhusu hali yake na matumizi yake, na akaunti, ambayo huifungamanisha kompyuta na jina la mtu. La kwanza linahitaji taarifa chache mno. Mawili yanayofuata ndiyo yanayokusanya mengi, na ndiyo yanayostahili kuhojiwa.

Uamilishaji wa Windows uliwafikia watumiaji wa kawaida kwa Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001. Microsoft ilitaka ufunguo mmoja wa bidhaa usitumike kwenye mashine mia, kwa hiyo programu ilisoma sehemu kumi za kompyuta, zikiwamo prosesa, RAM, kadi ya picha, kadi ya mtandao, diski kuu na kifaa cha CD, ikaunda kutokana nazo namba ya usakinishaji. Hofu iliyoenea wakati ule ilikuwa kwamba kampuni ingejipatia orodha ya vifaa vya kila mtu duniani. Julai mwaka huo, kabla XP haijaingia madukani, kampuni ndogo ya Berlin iitwayo Fully Licensed ililichambua toleo la majaribio na kuchapisha jinsi namba ile inavyoundwa. Uchambuzi wao unafaa kusomwa hadi leo. Chukua mfano wa kadi ya mtandao: anwani yake ya kudumu ina biti 48, na kila kadi inakusudiwa kuwa na anwani yake peke yake. Windows XP haikuituma anwani hiyo. Iliipitisha kwenye hesabu isiyorudishwa nyuma, kisha ikabakiza biti 10 tu, yaani thamani zisizozidi 1,024. Kadi zisizohesabika hugongana kwenye thamani hiyo hiyo moja, kwa hiyo mwenye thamani mkononi hana njia ya kuirejea kadi iliyoizaa. RAM ilipewa biti 3, zinazotosha kusema iko katika kiwango gani na si zaidi. Jumla ya taarifa zote za vifaa pamoja na namba ya toleo haikupita biti 64.

Aliyekosa intaneti alipiga simu, akasoma tarakimu 50 zilizokuwa kwenye skrini, akasomewa tarakimu 42 za kuingiza, na kazi ikaisha. Hakuulizwa jina wala barua pepe. Usajili wa jina na anwani ulikuwapo, lakini ulitengwa na uamilishaji, na ulikuwa wa hiari. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo jibu la swali ambalo kampuni za programu hupenda kulipita kimya: je, ili kulinda leseni ni lazima kumjua mtu? XP ilikwisha kuonyesha kwamba si lazima. Leseni inahitaji kuitambua mashine, na hata mashine yenyewe inatosha kutambuliwa kwa makadirio tu.

Utengano ule haukuja hivi hivi, kwa maoni yangu, kwani miaka miwili nyuma Microsoft ilikuwa imeaibika. Machi 1999 mtaalamu wa programu wa Massachusetts, Richard Smith, aligundua kwamba zana ya usajili ya Windows 98 ilituma namba ya utambulisho wa kompyuta hata pale mtumiaji alipokuwa amechagua kutotuma taarifa za vifaa vyake. Kampuni ilikiri, ikasema ni hitilafu ya programu, ikaahidi kuirekebisha na kuziondoa namba zilizokusanywa isivyostahili. Mwaka huo huo Intel ilipambana na malalamiko makubwa kuhusu namba ya pekee iliyowekwa ndani ya prosesa za Pentium III. Watu walikuwa macho, na waliounda mfumo wa XP walilijua hilo.

Baadaye uamilishaji ulifanywa mwepesi, na wepesi huo ndio uliofungua mlango wa mengine. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wa kompyuta huandika ufunguo wa bidhaa ndani ya chipu iliyo kwenye ubao mama, na programu ya usakinishaji huusoma yenyewe. Ndiyo sababu laptopu ya siku hizi ikipigwa Windows upya hujiamilisha bila mwenyewe kuandika herufi hata moja. Windows 10, iliyotoka tarehe 29 Julai 2015, ilileta leseni ya kidijitali: muhtasari wa vifaa vya kompyuta huhifadhiwa kwenye seva za Microsoft, na mashine ile ile ikirudi baada ya kufutwa hutambuliwa. Mwaka uliofuata leseni hiyo ikawezekana kuunganishwa na akaunti ya Microsoft, ili mtu akibadilisha ubao mama asiipoteze. Faida hiyo ni ya kweli, na aliyewahi kununua leseni kwa fedha yake anaijua thamani yake. Hata hivyo, kumbukumbu iliyokuwa ya mashine tu sasa inaweza kukaa pamoja na jina, barua pepe, na pengine kadi ya benki.

Kinachotumwa leo kwa ajili ya uamilishaji wenyewe bado si kingi: ufunguo au leseni, muhtasari wa vifaa, na aina na toleo la mfumo. Kwa kuwa mawasiliano yoyote ya intaneti hubeba anwani ya IP, seva hujua pia unapitia mtandao gani na, kwa kukadiria, uko sehemu gani ya dunia. Ukaguzi huu hurudiwa mara kwa mara, haufanyiki siku ya kwanza pekee. Anayetaka kujionea afungue dirisha la amri na aandike slmgr /dlv. Litatokea jedwali lenye jina la toleo, njia ambayo leseni ilitolewa, namba ndefu ya usakinishaji, herufi tano za mwisho za ufunguo, na hali ya leseni. Jina lake halimo. Na asiyeamilisha siku hiyo hapotezi kompyuta: Windows 10 na 11 huendelea kufanya kazi, zikiweka maandishi ya kukumbusha kwenye kona ya skrini na kufunga mipangilio ya kubadilisha mandhari. Kwa hiyo anayeambiwa aunganishe intaneti katikati ya usakinishaji ili leseni isipotee ajue kwamba leseni yaweza kungoja.

Vyuo, mashirika na wizara zenye mikataba mikubwa huwa na njia nyingine. Seva moja ndani ya taasisi huamilisha kompyuta zote zilizo kwenye mtandao wake, uamilishaji hudumu siku 180, na kila kompyuta hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7. Kompyuta ya mfanyakazi haiwasiliani na Microsoft kabisa kwa jambo hilo. Huu nao ni ushahidi kwamba leseni na utambulisho wa mtu ni vitu viwili.

Data za uchunguzi ni habari nyingine. Hizi huzalishwa na huduma inayokaa nyuma ya pazia na kutuma ripoti kwa Microsoft kadiri kompyuta inavyotumika. Windows 10 ilipotoka ilikuwa na viwango vinne. Katika Windows 11 mtumiaji wa kawaida huona viwili, data za lazima na data za hiari. Zile za lazima hueleza aina ya kompyuta, prosesa, kumbukumbu, betri, toleo la mfumo, programu na viendeshi vilivyomo, na iwapo masasisho yalifaulu. Zile za hiari huongeza jinsi unavyotumia programu, tovuti unazozitembelea kwa kivinjari cha Microsoft, na ripoti pana za hitilafu. Hizo za mwisho ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi ya zote. Programu inapoanguka, ripoti pana yaweza kuchukua picha ya kumbukumbu ya kompyuta wakati ule, na Microsoft yenyewe hueleza kwamba ripoti ya namna hiyo inaweza, bila kukusudiwa, kubeba sehemu za faili ulilokuwa unalitumia. Wakili aliyekuwa akiandika hati ya kiapo, au daktari aliyefungua faili la mgonjwa, hawezi kuhakikisha ni sentensi ipi iliyokuwa kwenye kumbukumbu pale programu ilipokwama.

Tangu 2018 Microsoft hutoa bure programu ya kutazama data hizi zikiwa bado kwenye mashine yako, na ningependa kila anayefundisha kompyuta awaonyeshe wanafunzi wake. Ukiiwasha, utaona upande wa kushoto orodha ya matukio, na upande wa kulia maandishi ghafi yaliyojaa mabano na namba. Majina ya matukio hujieleza: Census.Hardware, Census.Battery, Census.Memory, yaani sensa ya vifaa, ya betri, ya kumbukumbu. Census.Network, katika kifaa chenye laini ya simu, hubeba hata namba ya IMEI. Si usomaji mwepesi, lakini baada ya dakika chache mtu huacha kubahatisha na kuanza kujua.

Kwamba mengi yalikusanywa kupita kiasi halikuwa lalamiko la wanaharakati tu. Julai 2016 CNIL, mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data, iliitangazia Microsoft onyo rasmi na kuipa miezi mitatu kujirekebisha. Ilikuta kwamba hata kiwango cha chini kilikusanya orodha ya programu zote ambazo mtumiaji alizipakua na kuzisakinisha, pamoja na muda aliotumia kwenye kila moja, jambo ambalo halikuhitajika ili mfumo ufanye kazi. Ilikuta pia kwamba kitambulisho cha matangazo, yaani namba inayotumika kumlenga mtumiaji kwa matangazo, kiliwashwa chenyewe wakati wa usakinishaji bila ridhaa ya mtu. Microsoft ilirekebisha: masasisho ya Aprili 2017 yalileta ukurasa mpya wa faragha kwenye usakinishaji, na Juni mwaka huo CNIL ilifunga shauri ikieleza kwamba kiasi cha data za kiwango cha chini kilikuwa kimepunguzwa kwa karibu nusu. Hebu tulizingatie hilo. Karibu nusu ya kilichoitwa cha msingi kiliondolewa, na Windows ikaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Oktoba 2017 mamlaka ya Uholanzi nayo ilihitimisha kwamba Windows 10 ilivunja sheria ya nchi hiyo. Hoja yake iligusa kiini cha usakinishaji: mtu ambaye hakuzima swichi iliyowashwa tayari hahesabiwi kuwa ameridhia. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Planet49 iliyohusu vidakuzi vya tovuti, iliamua vivyo hivyo kuhusu kisanduku kilichotiwa alama mapema. Ridhaa ni kitendo, nacho kinatakiwa kitendwe na mtu anayejua anachokitenda. Sasa mfikirie mtu yule wa mwanzo anayetaka kufika kwenye eneokazi, labda kwa bando linalokaribia kuisha, akisoma kwa lugha ambayo si yake. Kumwekea swichi sita zilizowashwa na kitufe kikubwa cha kukubali ni kuchagua saa ambayo hawezi kufikiri sawasawa. Kasoro kubwa ya mpangilio huu, naamini, iko hapo, kwa sababu mtumiaji huulizwa wakati ambapo jibu lake limekwisha kujulikana.

Tuje kwenye akaunti. Windows 11 ya Home, tangu ilipotoka Oktoba 2021, ilidai intaneti na akaunti ya Microsoft ndipo usakinishaji ukamilike, na mwaka 2022 sharti hilo likafikishwa kwa toleo la Pro linalosakinishwa kwa matumizi binafsi. Mafundi walikuwa na njia yao: kubonyeza Shift na F10, kuandika amri fupi, na kompyuta ikawashwa upya ikiwa na chaguo la kuendelea bila intaneti. Machi 2025 Microsoft ilitangaza kuiondoa amri hiyo katika matoleo yake ya majaribio, ikisema inataka kila mtumiaji amalize usakinishaji akiwa na intaneti na akaunti. Sharti hili halitokani na mahitaji ya leseni, kwani ufunguo tayari umo ndani ya chipu.

Akaunti ina jambo moja ambalo watu wachache huambiwa. Kwenye kompyuta nyingi za sasa, mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, Windows yenyewe husimba diski, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo, na ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, hupelekwa kwenye akaunti hiyo. Ulinzi huu ni mzuri dhidi ya mwizi wa laptopu. Lakini ufunguo ulio kwenye seva ya kampuni unaweza kudaiwa kwa amri ya mahakama, na kwetu kuna hatari iliyo karibu zaidi. Laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi, humfikia mnunuzi zikiwa zimekwisha kuandaliwa. Ikiwa aliyeiandaa alitumia akaunti yake mwenyewe ili kulivuka sharti, basi ufunguo wa diski yako uko kwake. Siku mpangilio wa ubao mama utakapobadilika na skrini ya buluu ikaomba tarakimu 48, utakuwa unamtafuta mtu ambaye huenda alikwisha hama duka. Kwa hiyo anayenunua kompyuta ya namna hiyo aangalie kwenye mipangilio ni akaunti ya nani imesajiliwa, na aombe ifutwe na kusakinishwa upya mbele yake.

Wapo wanaodhani wanaukimbia ufuatiliaji kwa kutumia programu za kuvunja leseni. Hao huchukua nafasi mbaya zaidi, kwa sababu programu hizo humtaka mtumiaji azime ulinzi wa virusi kwanza na kuzipa mamlaka yote ya mfumo. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi visakinishi bandia vya KMSPico, mojawapo ya programu hizo, vilivyokuwa vikibeba Cryptbot, kirusi kinachoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari na pochi za sarafu za kidijitali.

Linganisha na wanavyofanya wengine. Debian, mfumo endeshi huria wa Linux, unapoisakinisha hukuuliza kama ungependa kushiriki takwimu za programu unazotumia, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Ubuntu, mfumo mwingine wa aina hiyo, ilijikwaa mwaka 2012, pale maneno yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia faili za mtu yalipokuwa yakitumwa nje ili kumletea bidhaa za Amazon. Kelele zilikuwa nyingi, na kufikia toleo la 2016 kipengele hicho kilikuwa kimezimwa. Mwaka 2018 ilianza kukusanya taarifa za vifaa baada ya usakinishaji, safari hii ikimwonyesha mtumiaji ripoti nzima kabla haijatumwa. Chaguo lililowekwa tayari lilikuwa la kutuma, jambo nisilolikubali, lakini walau mtu alisoma kinachoondoka. Nasi ambao wengi wetu kompyuta yetu kuu ni simu tusijione tumepona: utafiti wa Douglas Leith wa Chuo cha Trinity, Dublin, uliotolewa 2021, ulipima simu zilizowashwa upya na kukuta kwamba katika dakika kumi za kwanza simu ya Pixel ilituma kwa Google data za takribani megabaiti moja, na iPhone ikatuma kwa Apple takribani kilobaiti 42. Google iliupinga utaratibu wa upimaji huo.

Kwa anayesakinisha Windows leo, yaliyo mikononi mwake si mengi lakini yapo. Kwenye ukurasa wa faragha azime mahali alipo kama hahitaji, kitambulisho cha matangazo, uboreshaji wa mwandiko na uchapaji, mapendekezo yanayotokana na data zake, na achague data za lazima pekee. Data hizo za lazima haziwezi kuzimwa kwenye Home wala Pro; haki hiyo imewekwa kwa matoleo ya Enterprise na Education, yaani kwa taasisi zenye nguvu ya kujadiliana. Baadaye, kwenye mipangilio ya faragha, kuna kitufe cha kufuta data za uchunguzi zilizokwisha kutumwa kutoka kwenye kifaa hicho, na kwenye mipangilio ya akaunti kuna njia ya kurudi kwenye akaunti ya ndani ya kompyuta, isiyounganishwa na Microsoft. Kabla ya kurudi huko aunakili ufunguo wa diski mahali salama.

Suala hili limepata sura mpya tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma. Microsoft iliwapa watumiaji wa nyumbani mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama, kwa kuchagua moja kati ya njia tatu: kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za mpango wake wa zawadi, au kukubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye seva zake bila malipo. Njia zote tatu hudai akaunti ya Microsoft, hata ya kulipa. Watetezi wa watumiaji barani Ulaya walipinga, na kabla ya tarehe hiyo kufika kampuni iliwaondolea watu wa nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya sharti la kuhifadhi mipangilio, ikawaachia lile la kuingia kwenye akaunti. Mtu wa Dodoma au Kisumu mwenye kompyuta ya aina ile ile hakuondolewa chochote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 41 kinataka mipangilio ya awali ichakate data zinazohitajika tu kwa lengo mahususi, na ambayo inawahusu pia wachakataji walio nje ya nchi wanaoshughulikia data za watu walio Kenya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake. Malalamiko kwa vyombo hivi huandikwa na mtu yeyote ambaye data zake zimeguswa, na kinachohitajika kuanzia ni picha ya ukurasa wa faragha jinsi ulivyokuta swichi zake siku ya kwanza.